Nilikabidhiwa kwa Kocha, Kocha Akahamia Buffalo

Naitwa Espoir, nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Louisville. Shuleni najulikana kwa vitu viwili: mdomo wangu na mguu wangu wa kulia. Mdomo hunitoa darasani. Mguu ndio ulioniletea mkasa huu...

Wasomaji wenzangu, msidhani nimeshapoa. Nina hasira mpaka meno yanauma!

Tulitoka milima ya Kivu Kusini, tukapitia kambini, tukatua Okolona, mtaa wa hapa Louisville. Papa na Mama wanapakia maboksi depo, kwenye ghala la mizigo. Mimi nilipenda soka, lakini shule ikanivuta kwenye futiboli yao ya Kimarekani, ule mpira wa umbo la yai, watu wamevaa helmeti wanapigana vichwa kama mbuzi. Kazi yangu ilikuwa moja: kuingia, kuupiga mpira teke upite kati ya nguzo mbili, kutoka. Jezi haichafuki! Nani angekataa?

Mwaka 2015 akaja yeye, kocha wa chuo kimoja kidogo cha mji wa Columbus. Mzee mwenye tumbo lililomtangulia, filimbi shingoni hata siku ya Bwana. Ndiyo, alikuja mpaka kanisani kwetu! Akapiga makofi nje ya mdundo, wamama wakampenda papo hapo.

Kisha akaja nyumbani. Mama akapika bugali na sombe, majani yetu ya muhogo. Kocha akala kwa mkono, akatoka jasho, akaongezewa. Akaanza kusimulia maisha yake, mimi nikitafsiri. Alizaliwa Lackawanna, mji ulio kando ya Buffalo, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Alianza ukocha akiwa kijana, akifua jezi katika chuo kimoja cha Buffalo. Akahamia chuo kingine. Akashinda, akahama. Akagombana na wakubwa, akahama. Vyuo vidogo vidogo, miaka na miaka, alivisimulia kama safari za mtume Paulo. Na kila kituo, sisi tunaitikia, “Amina!”

Jamani, tulikuwa na masikio ya nini? Mtu anakutajia kila mahali alipopaacha, nawe unasema Amina!

Kwetu, mtu akitaka kumlea mtoto wako, mnakaa, mnaomba, mnamkabidhi. Imekwisha. Huulizi tena. Papa akamwita Pasta, akaushika mkono wangu, akauweka ndani ya mkono wa Kocha.

“Bon, Kocha. Toka leo huyu mutoto ni wako. Akiwa na njaa, mupe chakula. Akikosa, mupige.”

Nikatafsiri, ila hiyo ya kunipiga niliiruka. Mimi si mjinga!

Kocha akalia. Machozi kabisa! Akaapa kwamba nafasi yangu ya kusoma bure ipo, kwamba hatahama tena, kwamba watamzika Columbus kando ya kiwanja.

Wiki chache baadaye akabisha hodi kocha mwingine, kijana mpole wa chuo cha hapahapa Louisville. Naye alitaka mguu wangu, na masomo yangu yote wangelipia wao. Papa hakumpa hata kiti.

“Mwambie, huyu mutoto tulishamupatia mutu.”

Nikamjibu Papa kwa Kiingereza, lugha yangu ya hasira, kwamba mimi si binti wa kuchumbiwa. Akanikata jicho.

“Espoir! Tulitoa neno mbele ya Mungu. Unataka tuitwe batu wa namna gani?”

Yule kijana akaenda zake. Akatabasamu hata akiondoka... Kila nikimkumbuka, roho inaniuma!

Januari, mwenzangu darasani akanionyesha simu yake. Kocha wetu huyo, kofia mpya, meno nje. Amehamia chuo kikubwa zaidi, Buffalo! Nikapiga simu. Kimya. Nikaandika ujumbe. Kimya. Nikapiga Columbus, kocha mpya akasema pole, yeye amekuja na mpiga teke wake, nafasi yangu haipo.

Unafikiri Papa aliamini? “Baba hawezi kuhama bila kuaga mutoto. Labda simu yake imekufa.” Basi Jumapili kanisani tukaiombea simu ya mzungu ifufuke!

Pasaka, mjomba wangu wa North Buffalo akamwoza binti yake. Tulipofika huko, Papa akavaa suti ya harusi, akanivuta mpaka kiwanjani kwa Kocha.

“Aha! Mguu wa Louisville!” Kocha akapaza sauti. Jina langu lilishamtoka.

Papa akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Muulize... tulimukosea nini?”

Nikauliza. Kocha akatupia jicho saa yake. Akasema hatukumkosea kitu. Maneno yale ameyasema sebuleni kwa watu maisha yake yote, ndiyo kazi ilivyo, na ananitakia mema.

Mimi ni bingwa wa kumtafsiria Papa uongo mtamu. Mwalimu akilalamika, nasema ananisifu. Siku hiyo sikuongeza sukari. Nilimpa yote, neno kwa neno.

Papa akauachia ule mkono. “Muulize, kwa kila nyumba alilia?”

Nikauliza. Kocha akafikiri kidogo, bila aibu hata chembe. “Mara nyingi, ndiyo,” akasema, akapuliza filimbi, akatugeuzia mgongo.

Papa alipiga simu mwenyewe kwa yule kijana wa Louisville, kwa Kiingereza chake cha depo, akiomba radhi. Nafasi ilishajazwa. Nikimaliza shule naingia depo pamoja naye, na sijui chuo nitakiona lini...

Wazazi, ndugu zangu wa Kongo mliotapakaa nchi hii, nawasihi! Kocha akija, mpeni sombe, mpeni kiti. Mtoto msimpe! Mwulizeni kwanza: huko ulikotoka, wale watoto uliwaambia nini siku ya kuondoka? Akianza kulia, mfungulieni mlango, na mumwite mtoto arudi mezani ale.