Hamda, Saa Ngapi?

"Hapana wimbo uliopigwa kwenye gramafoni katika kisiwa hiki, kutoka mwaka hamsini na nne mpaka hamsini na saba, ambao mie siujui," alisema Simai Machano, na hakuwa akinong'ona. "Nitajie jina tu. N'takwambia nani kaimba, nani kapiga gitaa, na siku hiyo kavaa nini."

Kavaa nini. Yashikeni maneno hayo, maana ndiyo yaliyokuja kumtia aibu.

Aliyasema sokoni Darajani, asubuhi moja ya mwaka sabini na moja, mbele ya meza ya Bi Kidawa muuza achari, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu saba waliotaka kununua waende zao. Simai alikuwa fundi wa redio, mtoto wa Nungwi aliyehamia mjini mwaka sitini na mbili. Kijana mrefu, shati la kola ndefu, suruali ya terilini iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia limau. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: santuri za zamani, zile nzito nyeusi zinazovunjika kama sahani ya udongo, ambazo wenzake walishazitupa. Na asubuhi hiyo macho yake yaliganda juu ya mtungi wa achari ya embe.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Unafunikia achari santuri?"

"Marahaba. Nifunikie nini, kofia yako?"

"Bibi, hii ni ya Usi wa Gitaa, 'Saa Yangu', mwaka hamsini na tano. Naitafuta mwaka wa tatu huu. Haya unayoyafanya ni uhalifu."

"Uhalifu ni kunizibia foleni."

Simai akanyoosha mkono aichukue. Mkono mwengine ukamtangulia: vidole vimekoza hina, bangili mbili za fedha. Mwenye mkono alikuwa ndani ya buibui jipya, na chini yake likichungulia gauni la maua ya manjano na viatu vya visigino.

"Nimeiona mie kwanza," alisema yule msichana.

"Dada, wewe umekuja kununua achari."

"Na wewe umekuja kuhutubia."

Foleni ikacheka. Bi Kidawa akamtazama msichana, akamtazama Simai, akawa kama mtu aliyetaka kusema jambo akalimeza. "Redio yangu ina wiki haijatamka," alisema mwisho. "Atakayenitengenezea, achukue."

Hata hajamaliza, Simai alishaipakata santuri kama mtoto mchanga.

"Lakini kaa nayo kimya, mwanangu," Bi Kidawa alimwambia. "Hapo kwenye achari ndipo palipokuwa mahali pake."

Mtu mwengine angeuliza kwa nini. Simai hakuuliza. Mkusanyaji akishapata chake, masikio hufunga kazi. Aliifuta mafuta kwa leso yake nyeupe, kisha akamkimbilia yule msichana aliyekuwa keshaondoka kwa hasira, akamuuliza swali ambalo vijana wote wa mjini huuliza wakikosa la kuuliza.

"Samahani bibie, saa ngapi sasa?"

Msichana alisimama. Rangi ilimbadilika. "Mie usiniulize saa. Uliza chochote, saa usiniulize."

"Basi nakuuliza jina."

Alimtazama kutoka kola mpaka viatu, akaona kijana amesimama na leso yenye mafuta ya achari, hajui akosee wapi zaidi. Kicheko kikamponyoka. "Shemsa," akasema, akaenda zake.

Sasa nakwambieni alilokuwa halijui fundi wetu. Mwaka hamsini na tano Usi wa Gitaa alimtaka mjane mmoja wa Mkunazini, mama wa mtoto wa miaka minne. Mjane akamkataa, akakubali kuposwa na mtu mwengine. Usi hakwenda kulia kwao kama wanaume wenziwe. Alikwenda kuimba. Akamtaja kwa jina lake, Hamda, akasema ameondoka na saa yake ya mkononi, uso wa mraba, na kiitikio chake kikawa: Hamda, saa ngapi, kwa saa yangu uliyoondoka nayo. Wimbo ukapigwa kila mkahawa. Watu wazima wakaucheza. Watoto wakamfuata yule mama njiani wakiimba, "Hamda, saa ngapi?" Mchumba wake akavunja posa. Hamda alizunguka maduka, akanunua kila santuri ya wimbo ule aliyoikuta, akazivunja moja moja uani kwake kwa mchi. Ndiyo maana ikawa adimu. Simai alidhani imeadimika kwa uzuri.

Mimi wimbo huo sijapata kuuimba, nasema mapema kabisa. Na nikiwakumbuka wale watoto wasio na adabu, damu inanichemka mpaka leo.

Shemsa ndiye yule mtoto wa miaka minne.

Alikuwa karani wa kupokea simu katika ofisi moja Vuga, na haikupita wiki Simai akaijua namba. Alipigia kutoka duka la nguo la Masoud, jirani yake, ambaye alikuwa akijidai anapima kitambaa, naye kila siku anakipima kile kile.

"Haloo, nikusaidie nini?"

"Nisaidie usingizi, roho yangu. Nimeukosa tangu Darajani."

"Nani mwenzangu?"

"Yule mhutubu."

"Mhutubu, hapa ni kazini."

"Na mie nimeleta kazi. Sikiliza." Akaliweka gramafoni lake la kutia ufunguo mezani kwa Masoud, akakielekeza kidomo cha simu kwenye muziki.

"Unaipiga mbio mno," Shemsa alisema. "Huyo mwimbaji kawa kama panya aliyebanwa na mlango."

Simai akarekebisha. Wimbo ukakaa sawa. Kutoka siku hiyo akawa hana raha mpaka simu ilie Vuga, na Shemsa hana raha mpaka aipokee. Walitaniana, walinuniana nusu saa, walisuluhishana kwa rumba. Walikutana Forodhani Ijumaa kwa Ijumaa, hatua mbili baina yao kwa ajili ya macho ya watu. Kwa miezi mitatu Simai aliitwa fundi, kisha Simai, kisha mpenzi. Na Shemsa akaitwa majina ambayo Masoud alikuwa akiyaandika pembeni ili akamjaribie mkewe.

Ila jambo moja Shemsa aliliomba mara tatu.

"Simai, nipe ile santuri ya achari."

"Utaifanyia nini?"

"Nimekuomba, sikukutaka unihoji."

Asingeweza kumwambia. Nyumbani kwao wimbo ule haukutajwa. Kuueleza kungekuwa kuuimba upya. Na alitaka kuona kama mwanamume huyu anaweza kutoa kitu kwa kuombwa tu, bila ya kupewa hadithi. Simai yeye alisikia lengine kabisa. Alisikia kwamba mpenzi wake anaupenda wimbo.

"Subiri," akamwambia. "N'takufanyia kubwa kuliko kukupa."

Kubwa yenyewe aliifanya Kikwajuni, kwenye harusi ya Sheikha, binamu yake Shemsa. Ilikuwa alasiri ya kumtoa bibi harusi nje. Ua umejaa wanawake, udi unafuka, kanga mpya bado zinanukia harufu ya dukani, bibi harusi kakaa juu ya kiti chake kainamisha macho. Simai alikuwa nyuma ya pazia na gramafoni na spika mbili za kukodi. Akapiga nyimbo tano, watu wakafurahi. Halafu akashika kipaza sauti.

"Huu unakwenda kwa mmoja aliye humu ndani, mwenyewe anajijua. Hapana mtu mwengine Unguja anao."

Gitaa likalia. Kisha sauti ya Usi, laini kama samli, ikajaza ua mzima: Hamda, saa ngapi.

Wale wasichana hawakuelewa. Lakini wakubwa wao, miaka kumi na sita ikawarudia kwa mara moja. Bi Sichana, mama mnene wa mstari wa mbele, alipiga kofi pajani akacheka mpaka ukaya ukamwanguka kichwani, na waliokuwa karibu naye wakamsaidia. Bi Hamda alikuwa kakaa pale pale, kavaa kanga za hudhurungi, kashika sahani ya halua aliyokuwa akiigawa. Akaiweka chini. Akainuka, akapita katikati yao taratibu, kichwa juu, na mmoja asiye na haya akamwambia, "Saa ngapi, shoga?"

Shemsa alilivuta pazia karibu lichanike.

"Wewe unajua kila kitu cha nyimbo hizi, sio?"

"Jua langu, nimekufanyia—"

"Kila kitu. Nani kaimba, nani kapiga. Haya, Hamda ni nani?"

"Jina tu. La kwenye wimbo."

"Mama yangu."

Simai aliuondoa mkono wa gramafoni, na sindano ikakwaruza wimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nilikuomba mara tatu," Shemsa alisema, kwa hasira, si kwa kilio. "Mtu mmoja alikuwa na gitaa, mama hakuwa nalo. Basi yakawa kweli. Kazivunja zote, kanyamaza miaka kumi na sita, kanisomesha kwa cherehani. Na wewe umekwenda kuifukua kwenye achari, ukaipangusa kwa leso. Usinipigie simu."

Siku tatu Masoud hakuwa na cha kusikiliza. Siku ya nne Simai aliyakusanya yote ya wimbo ule: santuri, daftari alimoandika maneno yake, na karatasi ya tangazo aliyoibandika ukutani mwa banda lake miaka mitatu, yenye picha ya bendi. Akayatia kikapuni, akenda Mkunazini, akabisha hodi. Shemsa alifungua mlango nusu.

"Vunjeni," alisema Simai. "Sikuja kutaka kusamehewa wala kutaka jibu. Mwambie Bi Hamda nilikuwa mjinga, na ujinga wangu ulikuwa na spika mbili."

Akaondoka. Hata nyuma hakutazama, na kwa Simai hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, simu ya Masoud ililia.

"Mwite," ilisema sauti. Masoud hakuuliza nani; alitoka mbio na futi ya kitambaa shingoni.

"Simai," Shemsa alianza bila salamu, "ulisema unajua hata walivaa nini. Kwenye lile tangazo lako, Usi kavaa nini?"

"Shati jeupe. Tai nyembamba. Suruali nyeusi."

"Na nini tena?"

"Kiatu cha rangi mbili."

"Karatasi hiyo umelala nayo miaka mitatu. Mkono wa kushoto, Simai. Kaukunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, kauweka juu ya gitaa makusudi, kama wanavyokaa wote wakenda kupiga picha. Kwa sababu gani mtu hukunja shati akapigwe picha?"

Simai alifunga macho. Aliiona picha. Aliuona mkono.

"Saa," akasema.

"Uso wa mraba. Na juu yake wameandika: bendi siku ilipotoka santuri mpya, 'Saa Yangu'. Anauuza wimbo wa kuibiwa saa, na saa kaivaa. Nilikuwa nataka kuichana karatasi, ndipo nikaona."

"Bi Hamda anasemaje?"

"Anasema tusivunje kitu. Anakutaka wewe, na spika zako mbili, pale pale Kikwajuni, siku Sheikha akimaliza fungate."

Siku ya saba ua ukajaa wanawake wale wale. Bi Hamda alisimama mwenyewe mbele yao. "Juzi mlicheka," alisema. "Leo mtacheka tena, lakini kwanza mtazame." Akatoa ishara, na nyuma ya pazia Simai akaupiga wimbo wote, pamoja na mikwaruzo yake, huku karatasi ikipita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Bi Sichana, aliisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akairudisha tena.

"Ya mraba," alisema. Hakuongeza.

Mtu mmoja akaanza kumcheka Usi, wengine wakafuata, wakasema mshenzi yule, muongo yule, bahati yake keshahamia Mombasa. Bi Hamda hakucheka. "Yeye aliimba mara moja," akasema. "Waliobaki mliimba nyinyi. Na anayetaka kuniomba radhi asiniombe humu kwenye kundi. Aje kwangu, mmoja mmoja, abishe hodi."

Walikwenda. Bi Sichana alikuwa wa kwanza, na alikaa tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Wiki moja baadaye simu ya Masoud ililia tena.

"Simai," ilisema sauti. "Saa ngapi?"

"Unaniuliza mie?"

"Nnakuuliza wewe. Nataka kujua zimebaki saa ngapi kabla hujamleta mjomba wako kutoka Nungwi."

Zilibaki ishirini na mbili. Mjomba wake, Mzee Mcha, alifika na kanzu ya Idi na maneno yote ya posa kichwani. Bi Hamda alimsikiliza mpaka mwisho. "Mahari atataja binti mwenyewe," alisema. "Mie sharti langu moja tu. Mleteeni chochote mnachotaka, lakini saa msimletee."

Nimeihadithia habari hii mara nyingi, lakini siku nilipoihadithia vizuri kuliko zote ilikuwa siku ya harusi yao, barazani Mkunazini, watu wamenizunguka na vikombe vya kahawa. Nilifika pale kwenye wale watoto. Nikawalaani. Nikasema watoto wale wangekuwa wangu, wasingekalia makalio mwezi mzima.

"Gharib."

"Naam, Bi Hamda." Alikuwa kasimama mlangoni na sinia ya halua, sikujua tangu lini.

"Mwaka hamsini na tano ulikuwa ukisoma Kurani chuo gani?"

"Hiki cha pembeni hapa, bibi. Nilikuwa mdogo."

"Miaka saba. Kaptura ya kijani, imetoboka nyuma." Alisema taratibu, kama anayenipima nguo. "Wenzako walikuwa wakiimba wakipita. Wewe ulikuwa ukisimama kwenye kizingiti, ukingoja nitoke ndipo uimbe."

Baraza yote iliacha kunywa kahawa. Simai alinitazama. Shemsa, nyuma ya mama yake, alinitazama zaidi.

Bi Hamda akaniwekea kipande cha halua mkononi. Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto, na shati nilikuwa nimelikunja, maana siku hiyo nilivaa saa mpya.

"Haya, mwanangu," alisema. "Saa ngapi?"