Kasuku wa Rafu ya Nyuma

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo asinikatize mtu na "labda" zake. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kupima, na ninachowasimulia nimekipima.

Dada alikuwa mkutubi kwenye maktaba ya sheria, ghorofa ya chini ya jengo la mahakama. Ukiingia unakuta mawakili wameinamia vitabu vinene vya kesi za zamani, makarani wanagombania mashine ya kunakili, na wanafunzi wa sheria wameigeuza katiba mto wa kulalia. Waliingia pia watu wa kawaida, wenye kesi za viwanja na talaka, wasio na uwezo wa kuweka wakili. Hao ndio dada aliowapenda. Lakini mezani kwake palibandikwa kibao: TUNATOA VITABU, HATUTOI USHAURI. Mkuu wake, mzee mkali kama pilipili, alimkumbusha kila asubuhi, "Mwonyeshe mtu ukurasa, kisha funga mdomo."

Kufunga mdomo! Nyumbani kwa dada jambo hilo halikujulikana. Binti yake wa pekee tulimbandika jina la Kasuku, maana alianza kusema akiwa bado ananyonya na hakupumzika tena. Akitoka shule alipitia maktaba kumngoja mama yake, na kila habari yake ilianza hivi: "Mama, hujasikia bado!" Wasomaji wanageuka, dada anaweka kidole mdomoni, Kasuku anacheka. Dada alimpata baada ya mimba nyingi kuharibika. Mtoto yule ndiye aliyekuwa roho yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, mchana kweupe, saa ya watu kwenda kula. Akaja bibi mmoja mwenye mtandio mweusi, akaketi meza ya nyuma, kando ya rafu ya kesi za zamani. Akamwita dada kwa mkono.

"Mwanangu alihukumiwa bila kusikilizwa," alinong'ona. "Sheria inasemaje?"

Dada akamletea kitabu, akamfungulia ukurasa.

"Sijui kusoma. Nisomee wewe."

Akamsomea. Mpaka hapo hajakosea.

"Sasa hayo yote maana yake nini, binti yangu?"

Dada akakitazama kibao. Akamtazama bibi, machozi yanamlengalenga. Jamani, huruma nyingine ni mtego.

"Maana yake ana haki ya kusikilizwa, mama. Hata sasa."

"Na kama mdomo wake wameshaufunga?"

"Basi atasema mtu mwingine kwa niaba yake."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

"Umesema wewe."

"Nimesema, mama."

Bibi akashukuru, tena kwa adabu. Dada akainama kuokota kalamu. Alipoinuka, kiti kilikuwa kitupu na mlangoni hakuna aliyepita. Mara Kasuku akaingia na mkoba wake wa shule. Hakumsalimu mama yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kile kiti cha nyuma, akaketi, akaweka mikono mezani. Alipofungua mdomo, ilitoka sauti ya mwanaume mzima.

"Naanza kujitetea," ilisema.

Wakamleta kwangu, maana kwa dada majirani wamebanana ukuta kwa ukuta. Daktari alimulika koo, akasema koo ni zima. Tuliita watu wa kuomba, wakaomba mpaka wakapaza sauti, na ile sauti ikaomba radhi kwa kuwakatiza, kisha ikaendelea. Haikunyamaza hata kulipisha tonge. Midomo ya mtoto ikapasuka, damu ikawa inachuruzika kidevuni, na mwanaume bado anaeleza alizaliwa wapi, aliamka saa ngapi, alivaa shati gani. Nilimtazama Kasuku machoni. Alikuwemo. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama mdogo yupo hapa." Akanifinya kidole, huku mdomo wake unasimulia kamba waliyomnyongea yule mwanaume.

Dada akamkimbilia mkuu wake. Mzee akafunga mlango wa ofisi kwanza.

"Kile kibao nilikikuta," alinong'ona. "Aliyekibandika alikuwa ametoka kumzika mwanawe. Mwache huyo mtu amalize. Akimaliza atataka hukumu."

"Hukumu nani aitoe?"

"Aliyefungua kesi ni wewe, mwanangu."

Yule mwanaume alimaliza mchana mmoja, tumekaa sebuleni kwangu, mimi na dada, mtoto katikati yetu. Sauti ikawa tulivu. Ilisema hivi:

"Ni kweli nilimtumbukiza mtoto wa jirani kisimani. Nikafunika. Nikakaa juu ya mfuniko mpaka akanyamaza. Mama yake alipita akimwita, nikamsalimia. Nimemaliza. Naomba hukumu."

Dada akafungua mdomo, nami nilijua anataka kusema "Una hatia", hata mimi nilitaka yule mwanaume alisikie neno hilo. Ndipo nikaona shingo ya Kasuku. Mstari mwekundu ulikuwa unajichora, taratibu, kutoka sikio hadi sikio. Mdomo ule ni wa mwanawe. Shingo ni ya mwanawe.

Dada alitapika kwanza. Kisha akasema, "Huna hatia."

"Sijasikia," ilisema sauti.

"Huna hatia! Uko huru! Niachie mwanangu!"

Mstari ukafutika. Nje ya dirisha tukamsikia bibi akisema, kwa upendo kabisa, "Twende nyumbani, baba." Na mwanaume akacheka. Nilikurupuka nikafungua dirisha. Uani palikuwa na nguo za wateja wangu kwenye kamba, basi.

Dada akamkumbatia mtoto. "Sema, mama. Sema lolote."

Kasuku akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Baada ya siku chache mkuu akamwita dada. Saa ya watu kwenda kula, maktaba haina mtu, akamsimamisha mbele ya rafu ya nyuma. Kutoka ndani kabisa, katikati ya vitabu vya kesi, kikaja kisauti chembamba: "Mama, hujasikia bado!"

"Mtu akitoka humu, nafasi yake haibaki tupu," alisema mzee, akageuka asimwone dada akilia.

Tangu hapo dada alikuwa anakwenda kila mchana, anaketi meza ya nyuma, anasikiliza. Jioni anarudi kumweleza Kasuku yale Kasuku aliyoyasema, na mtoto anacheka bila sauti, anapiga makofi. Na sauti ilikuwa inasogea! Ilitoka kwenye vitabu vya nyuma, ikaja rafu ya kati, ikafika ukingoni mwa meza. Tukaanza kuwa na matumaini. Nilikata hata kitambaa cha gauni la kumpongeza.

Siku moja dada ameketi, mkono ameuweka mezani, sauti iko karibu kiasi cha kuhisi pumzi.

"Mama, hujasikia bado! Nimepaona pa kutokea! Ukinishika—"

"Ssshh! Hapa ni maktaba!"

Alikuwa mfanyakazi mpya, mama mmoja mchapakazi, ametoka mezani na kidole kimesimama mdomoni. Hakujua lolote. Alimtafuta mtoto chini ya meza, asimwone, akaomba radhi.

Sauti haikusikika tena. Dada bado anakwenda. Anauliza kwa kunong'ona, "Nikikushika wapi? Wapi, mwanangu?" mpaka wamtoe nje saa ya kufunga.

Mimi saa ile aliponyamazishwa nilikuwa nyumbani na Kasuku, nampima lile gauni. Mkono wake ukainuka wenyewe, kidole kikasimama mdomoni. Ilibidi niushushe kwa nguvu. Pale kilipokuwa pakabaki alama nyeupe, baridi, imesimama wima kutoka puani hadi kidevuni. Nimeisugua kwa maji moto, nimeipaka mafuta, haitoki. Akilala naipima kwa utepe wangu.

Ni ndefu kuliko kidole chake. Ni ndefu kuliko changu. Na kila nikiipima, imeongezeka.