Mashina Ishirini na Mawili

Mashine ya kukoboa mpunga ya Namakwekwe, Mbale, ilikuwa ikinguruma na pumba zimejaa hewani, Juwairiya alipomwona kijana wa shati la kaki ameinamia gunia lake.

"Afande, unapekua nini humo?"

"Mimi si afande, dada. Naitwa Wahab, wa shamba la utafiti wa mpunga kule Bugembe. Huu mwekundu umeutoa wapi?"

"Wa marehemu mama. Unataka kuufunga jela?"

Wahab alicheka mpaka akakohoa pumba. Juwairiya akavuta shungi lake la manjano, akampisha kwenye kigoda, akampa vikombe viwili vya mbegu na kukataa malipo.

Miaka miwili simu hazikukatika.

"Habibi, watoto wetu hawajambo?" Juwairiya alimtania siku moja.

Wahab alikuwa amechavusha mpunga ule na mwingine wa shambani, na mimea iliyozaliwa wakaiita watoto. "Watoto walifanana wote. Lakini wajukuu, weh! Huyu mfupi, huyu mrefu, yule mvivu wa kuchanua. Njoo Ijumaa, nina jambo la kukuonyesha. Mkataba wangu wa kazi ukiongezwa, nakuja kwa baba yako kuposa."

Ijumaa Juwairiya alifika Bugembe na pilau kwenye bakuli. Wahab alikuwa bado msikitini. Akaona mistari ya mpunga ina mashina yaliyochelewa, majani mapana, hayafanani kabisa na ya mama. Mama alimfundisha kuyaondoa ya namna hiyo, mbegu ibaki safi. Akavua viatu, akaingia topeni.

Wahab aliporudi, yalikuwa ishirini na mawili, yamepangwa vizuri ukingoni, mizizi juu, imekwisha kukauka juani.

"Nimekusaidia, mpenzi."

Wahab alichuchumaa. Hakupaza sauti. Kati ya mashina elfu mbili, hayo tu ndiyo yalipimwa yakaonekana kuhimili ugonjwa wa manjano unaoua mpunga, na yalikuwa hayajazaa hata punje.

"Nenda nyumbani, Juwairiya."

Mwezi mzima Wahab hakupokea simu zake. Juwairiya akaamini amechukiwa. Mwishowe alikwenda kwa mkubwa wa Wahab kazini, Daktari Khainza, akaungama.

Mama yule daktari alimkalisha, akamtilia chai kwanza. "Wahab alisema aliyang'oa yeye, akidhani yameugua. Nikamfukuza."

"Basi mrudishe."

"Nitamwandikia barua nzuri ya kuombea kazi kwingine, mwanangu. Lakini kazi yenyewe imekufa. Wafadhili wameondoka."

Juwairiya alimkuta Wahab kwenye mwalo wa wavuvi wa Masese, akibeba makreti ya samaki, shati la kaki limeloa magamba.

"Kwa nini ulinisitiri?"

"Wangekuitia polisi. Ungesema nini? Kwamba ulikuwa unapalilia?"

"Unanichukia?"

"Siku ile, ndiyo. Mpaka magharibi." Akajifuta uso kwa mkono. "Sasa naota mashina yale. Naamka nikiyahesabu."

"Mbona hukupokea simu?"

"Ningekuambia nini? Sina kazi. Baba yako nitampelekea nini, sato hawa?"

"Anapenda sato."

Wahab alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Alilia kama mtu aliyefiwa, mbele ya wachuuzi wote. Juwairiya hakuomba radhi. Alimsubiri mpaka akanyamaza, kisha akakunja mikono ya gauni, akainama na kushika upande wa pili wa kreti.

"Zito hilo," Wahab alisema.

"Inua."