Vidonge Vilivyobaki Koponi

Tk, tk, tk. Kifuniko cha sufuria kiligonga gizani. Umeme ulikuwa umekatika mtaani Biryogo, na maharage ya kesho yalikuwa yanachemka. Joselyne alikaa karibu na imbabura, jiko lake la makaa, daftari magotini. Kwa mwanga wa makaa, herufi zilielea kama punje za mchele ndani ya maji. Usingizi ulimjia polepole, laini. Kichwa kikainama.

"Mama, kitenge," alisema Keza, binti yake wa miaka mitano.

Joselyne alishtuka. Ncha ya kitenge ilikuwa karibu kugusa makaa.

Joselyne ana kifafa. Kila jioni alikula, akameza kidonge, na siku za darasa akaenda darasa la watu wazima. Huko alilala juu ya kitabu. Keza, aliyekaa naye, alimvuta pindo la gauni ili aamke.

Baada ya jioni ile, Joselyne aliamua jambo. Siku za darasa hakumeza tena.

Wiki mbili zikapita. Gaudiose, mshauri wa afya wa mtaa, alikuja kumtembelea. Alifungua kopo la dawa, akahesabu.

"Mama Keza, vidonge vyako vinazaana humu ndani?"

Joselyne alicheka kidogo, kisha akainama. "Siku za darasa simezi, dada. Nikimeza nalala. Mtihani wa kusoma uko karibu. Bila cheti, karakana ya ushonaji hainichukui."

"Na kifafa kikikuangusha motoni, utashona na mikono gani?"

Joselyne aliitazama imbabura.

"Muuguzi wa kituo cha afya anajua kwamba unasinzia?" Gaudiose aliuliza.

"Kila akiniuliza, namwambia niko sawa. Mtu amekupa dawa, utaanzaje kumlalamikia? Ni kukosa adabu."

"Kumbe adabu ndiyo inayokuumiza. Kesho twende wote."

Kwenye kituo cha afya, Joselyne alieleza yote. Muuguzi hakumgombeza.

"Ungeniambia mapema," alisema. "Jioni niliyoandika kwenye kopo inaweza kuwa saa ya kulala, baada ya darasa. Meza saa ileile kila siku. Usiruke hata siku moja. Ukiruka, kifafa kinarudi. Ukiendelea kusinzia mchana, njoo tuangalie kipimo. Usikipunguze mwenyewe. Na ukisikia usingizi, kaa mbali na moto."

"Jirani yangu pia anasinzia kwa dawa zake," Joselyne alisema. "Nimwambie naye ahamishe saa?"

"Mwambie aje aulize. Dawa yake si yako."

Tangu siku hiyo, Joselyne alirudi kutoka darasani, akamlaza Keza, ndipo akameza kidonge, saa ileile kila usiku. Usingizi ulimkuta kitandani, mahali pake. Asubuhi aliamka na kichwa chepesi.

Jumamosi ya mtihani ilifika. Joselyne alisimama na kitabu mbele ya mwalimu. Keza alikaa nyuma yake, ameshika pindo la gauni, tayari kuvuta. Mama alisoma mstari, akasoma mwingine. Herufi zilitulia kama mchele uliozama chini. Ukurasa ukaisha.

Keza aliachia pindo.

"Mama amesoma mpaka mwisho," alisema.