Kadi za Nhiên na Kisu Kilichoyumba

Mume wangu Khảm hawezi kuona karatasi tupu akatulia. Sisi ni wachapaji. Duka letu ni sebule yetu, ndani ya uchochoro mmoja hapa mjini Cần Thơ. Watu wengine wakiamka hunywa kahawa. Khảm akiamka hukaa kwenye kompyuta, akasogeza picha zibanane zaidi ya zilivyobanana jana.

Mwezi ule tulichapa kadi za harusi ya binti yetu, Nhiên. Kadi nyekundu zilikuwa za upande wetu. Kadi za rangi ya dhahabu zilikuwa za upande wa bwana harusi. Ukingo wa juu wa kila kadi ulikatwa kwa meno makubwa kama ya msumeno, na chini palikuwa na maua. Wakwe walikuwa waje Jumamosi asubuhi kuchukua za kwao. Karatasi ilikuwa nzito, yenye mng'ao wa hariri. Ilitoka Saigon, na nyingine isingefika kabla ya harusi.

"Mama Nhiên, njoo uone maajabu!" Khảm aliniita.

Nikaenda. Alikuwa amezipanga kadi kichwa kwa kichwa. Moja wima, nyingine juu chini. Meno ya nyekundu yaliingia kwenye mapengo ya dhahabu. Katikati yao palikuwa na mstari mmoja tu wa kukata.

"Kisu cha mashine kinapita mara moja, kadi mbili zimezaliwa," alisema. "Nane kwa kila karatasi!"

"Na kisu kikipotea njia?"

"Kisu hakina miguu, mke wangu. Kipotee kiende wapi?"

Nikamwacha aendelee. Kosa langu.

Tulichapa, tukakata. Bibi, yaani mama yake Khảm, alichukua kadi ya kwanza. Akaisogeza karibu na miwani yake. Akaisogeza tena.

"Khảm, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Mbona harusi imefungwa kitambaa cha msiba?"

Tukatazama. Pembeni mwa kadi palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Kwetu sisi, nyeupe ndiyo inayofungwa kichwani siku ya kuzika. Kisu kilikuwa kimeyumba kidogo tu. Lakini rangi iliishia pale pale kwenye mstari wa kukata, kwa hiyo kisu kilipoyumba, karatasi nyeupe ikachungulia.

"Rahisi," alisema Khảm. "Nitaongeza ziada."

Ziada ni rangi inayochapwa ikavuka mstari wa kukata. Kisu kikiyumba, bado kinaangukia kwenye rangi. Hapo mume wangu alisema kweli. Tatizo ni kwamba mume wangu akipata nusu ya ukweli, hukimbia nayo.

Aliongeza ziada pande zote za kila kadi. Kadi zenyewe hakuzisogeza hata kidogo. Hakujaribu kwenye karatasi ya bei rahisi. Alichapa karatasi kumi za hariri kwa mpigo.

Kadi za dhahabu zikatoka na michirizi myekundu kwenye meno yote.

"Afadhali," alisema Bibi. "Msiba umekwisha. Sasa umeanza ugomvi."

"Baba Nhiên!" nilipiga kelele. "Bwana harusi hajamchukua hata mke, wewe umeshaipaka familia yake rangi yetu?"

Nhiên alizishika zile kadi. "Baba, Jumamosi ni kesho kutwa. Basi niwatumie watu ujumbe kwa simu."

"Mwalikwa kwa simu naye alishwe kwa simu," alisema Bibi. "Mjukuu wangu ataolewa kwa kadi."

Zilibaki karatasi thelathini na tano. Tulihitaji kadi mia mbili. Tukiharibu tena, basi. Nikavaa ndala, nikaenda nyumba ya tatu kumwita jirani yetu, ambaye Nhiên humwita Shangazi Bảy.

Shangazi Bảy alikata karatasi kiwandani miaka thelathini. Siku hizi anauza wali wa kunata. Alikuja huku anafuta mikono kwenye aproni. Akatazama kompyuta. Akamtazama Khảm.

"Mdogo wangu, nyumba hii na ya jirani ukuta wenu ni mmoja?"

"Ni mmoja, Dada."

"Wewe ukipitisha rangi yako upande wa pili, jirani atasemaje?"

"Atanitukana."

"Na kadi ya dhahabu inakutukana. Umeongeza ziada bila kuipa mahali pa kukaa! Mstari wa kukata ni mmoja, rangi ni mbili. Ziada ya nyekundu itakaa wapi kama si juu ya dhahabu?"

"Sasa niiondoe?"

"Uiondoe, msiba urudi? Zitenganishe!" Akachukua penseli. "Kadi za rangi mbili hazichangii mstari. Acha milimita sita katikati. Tatu za ziada ya huyu, tatu za ziada ya yule. Kata mara mbili, kila kadi na mstari wake. Kile kipande cha katikati tupa."

Khảm alishika kichwa. "Karatasi yote hiyo nitupe? Na meno yalivyokaa vizuri!"

"Baba Nhiên," nilisema, "umeshatupa karatasi kumi. Hukulia."

Shangazi Bảy akacheka. "Meno yako hatuyavunji. Weka nyekundu peke yake na dhahabu peke yake, kila rangi na karatasi yake. Hapa kwenye meno rangi ni nyekundu tupu huku na huku. Kisu kikiyumba kinaangukia nyekundu ile ile. Hapo mstari mmoja unatosha. Ila huku chini kuna maua. Ua la huyu lisikatwe likabaki kwa mwenzake. Hapo tenganisha. Na pembeni mwa karatasi nzima, ziada kote. Majina ya watu je? Yasogeze ndani. Au unataka kisu kimle bwana harusi?"

"Zitaingia sita tu badala ya nane," alinung'unika Khảm.

"Sita mara thelathini na tano?" aliuliza Nhiên, kisha akajijibu mwenyewe. "Mia mbili na kumi! Baba, zinatosha!"

Safari hii nilisimama nyuma ya kiti chake. Alipanga upya. Tukachapa moja kwenye karatasi ya kawaida, tukaikata, Bibi akaikagua pande zote. "Chapa," alisema. Hapo tu ndipo tulipogusa hariri.

Jumamosi wakwe walifika na matunda. Mama mkwe wa Nhiên ni mwanamke wa kutafuta mfupa kwenye tofu, ile soya laini iliyogandishwa. Alipitisha ukucha ukingoni mwa kadi, jino kwa jino.

"Safi," alisema. "Kuna watu wanaleta kadi zina kamstari keupe, unashindwa kujua uende na zawadi au na ubani."

"Ah, hilo ni kosa la wasiojua kazi," alisema Khảm, kifua mbele. "Rangi lazima ivuke mstari milimita tatu. Na kadi za rangi mbili hazichangii mstari. Mimi siku zote nasema hivyo."

Nilifungua mdomo. Shangazi Bảy, aliyekuja naye kuwaona wakwe, akanishika mkono.

"Mwache," alininong'oneza. "Mradi amesema sawasawa."