Hodi ya Magharibi

Jua lilikuwa linazama Mwanaima alipoirudisha nyumbani Bongwe kompyuta ya marehemu mumewe, ameipakata juu ya bodaboda kama mtoto mgonjwa. Fundi Kitonga wa Ukunda alikuwa ameshindwa kuifungua ile video moja aliyoitaka. Alimwambia faili limeharibika, ampe muda atafute njia, na tafadhali sana asije akapakua chochote mtandaoni kwa papara zake.

Papara alikuwa nazo, tena tele. Mselem alikuwa mpiga video za harusi, na mpiga video haonekani katika video. Harusi za Diani mpaka Msambweni zilikuwa mle ndani, mabibi harusi na ngoma zao, ila yeye hayumo. Mara moja tu, akijaribu kamera mpya, alisimama nje ya mlango wake mwenyewe akabisha kwa mzaha: "Hodi, hodi, Mwanaima." Hiyo ndiyo sauti pekee aliyomwachia mkewe. Mwanaima alikuwa ameanza kuisahau, na kuisahau kulimtisha kuliko upweke wenyewe.

Basi akaketi, akapekua mtandaoni, akapata programu ya bure ya kutengeneza video zilizoharibika. Maelezo yalimtaka kwanza aizime kinga ya virusi. Akaizima, bila hata kujiuliza ni mgeni gani huyo anayetaka mlinzi aondolewe kwanza.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Kwa haraka aliyokuwa nayo, hata ubani wa kufukuza vya jioni hakuchoma.

Feni ya kompyuta ikaanza kuvuma... ikavuma... ikanyamaza. Kisanduku kikatokea kwenye kioo. Programu inaomba ruhusa. Ruhusu, au Kataa.

Kisha sauti ikatoka.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti yake. Uzito wake, kicheko chake kilichojificha nyuma ya neno, vyote vilikuwamo. Machozi yakamtoka Mwanaima kabla hajajua kwamba analia.

"Hodi..."

Mama mkwe wake, Bi Esha wa Vanga, alikuwa amemfunza tangu alipoolewa: anayebisha hodi magharibi asijibiwe mpaka ajitaje jina. Mwanaima alikuwa ameishika kanuni hiyo miaka yote, hata majirani walikuwa wakimcheka kwa kusimamishwa nje. Lakini mume wake mwenyewe, angemwulizaje jina?

"Karibu," akanong'ona. Kidole kikabonyeza Ruhusu.

Chumba kikanuka udongo mbichi.

Mafaili yakaanza kubadilika mbele ya macho yake. Harusi moja baada ya nyingine ikavaa alama ya kufuli, na mwisho ile video ya Mselem nayo ikafungwa. Akabonyeza huku na huko, wapi. Kitaa kidogo kando ya kamera kikawaka, kikamtazama.

"Mwanaima... mama yupo wapi?"

Maneno hayo hayakuwamo katika video. Mwanaima alilijua hilo, lakini ulimi ulikuwa umeshajibu, kwa mazoea ya mke anayeulizwa na mumewe.

"Yupo Vanga. Peke yake."

Kioo kikazima.

Alimpigia Kitonga, akamweleza yote. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Mama, hiyo ni virusi tu. Chomoa hiyo mashine saa hii, toa betri. Hao wasee wanafunga mafaili ya mtu, na wakipata sauti ya mtu kidogo tu wanaiga. Sasa watapigia watu wako simu. Waambie wasishike."

Mwanaima akachomoa. Hofu ikampungua, ikaja hasira mahali pake. Wezi tu, basi. Wamemwibia mumewe mara ya pili, na aliyewafungulia mlango ni yeye. Harufu ya udongo haikuondoka, lakini akajiambia ni umande wa nje. Akampigia Bi Esha haraka, kabla hawajamtangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kizee alikuwa na furaha ambayo Mwanaima hakuwa ameisikia tangu siku ya mazishi. Hakungoja kuuliza sababu yake. Akamweleza mbiombio juu ya wezi wa mtandaoni, akamsihi kwamba simu ikija na sauti ya Mselem asiipokee, si yeye.

Bi Esha akacheka taratibu.

"Simu gani, mwanangu? Amebisha hodi hapa mlangoni. Hata jina sikumwuliza. Nimemwambia karibu."

Komeo likavutwa. Mwanaima akaita, akaita tena, lakini Bi Esha alikuwa ameiweka simu chini bila kuikata. Mlango ukalia. Akasikia nyayo zikiingia, polepole... kisha akamsikia mkwewe, kwa mbali, akiuliza kwa upole:

"Mbona wanuka udongo, mwanangu?"