Kiraka cha Mpira wa Nyumbani

Kila Ijumaa kengele ya mapumziko ilipolia, wanafunzi walikimbilia ubao wa matangazo kabla hata ya kukimbilia bomba la maji. Mwalimu wa michezo alikuwa ameshabandika ratiba ya kandanda ya wasichana wa sekondari, na hapo utabiri ulianza. Kila mtu alikuwa bingwa wa kutabiri, hasa wale ambao hawajawahi kupiga mpira, hata wa makaratasi.

"Kesho ugenini. Tunafungwa."

"Na Jumamosi inayofuata nyumbani. Tunawafunga."

Hakuna aliyebisha. Mambo yalikuwa hivyo msimu mzima. Nyumbani waliwapiga wakubwa kwa wadogo. Ugenini walipigwa hata na shule iliyokuwa ikiazima wachezaji wa netiboli ili itimize timu. Ukiuliza sababu, wakubwa walikuwa na jibu moja lililokwisha kuchakaa: mcheza kwao hutuzwa.

Golikipa hakuridhika na jibu hilo. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, mrefu, mwenye magoti yasiyopona michubuko. Walimu walimwita Mbona kwa sababu ya swali lake lisiloisha, na jina likamganda hadi nyumbani, mama yake naye akalitumia.

"Mbona viwanja vya wenzetu ni tambarare kuliko wetu, na huko ndiko tunakofungwa?" aliuliza.

"Ushaanza," alisema nahodha, mshambuliaji aliyekaa naye dawati moja. Huyu walimwita Upinde, kwa kuwa mashuti yake yalidunda mbele ya golikipa kisha yakakata kona. Golikipa akienda kushoto, mpira uko wavuni kulia. "Wewe daka, mimi nifunge. Maswali waachie wazee."

Kesho yake walifungwa tano, kama ilivyotabiriwa. Sasa ilibaki mechi moja tu, ya nyumbani, dhidi ya shule ya mlimani iliyokuwa haijafungwa msimu mzima. Wenyeji wakishinda, wangekwenda kwenye mashindano ya taifa. Wageni walihitaji sare tu. Mji mzima ulishakata shauri: tunawafunga, si tuko nyumbani?

Siku ya mazoezi Upinde alikuwa anataka kupiga mpira wa adhabu. Aliuweka chini, akauzungusha, akautazama, akauzungusha tena, kama mtu anayetafuta mdomo wa mtungi gizani.

"Unatafuta nini?" Mbona aliuliza kutoka golini.

"Bahati yangu. Kiraka kikikaa kulia, mpira unanitii."

Wachezaji wakacheka. Mbona hakucheka.

Shule ilikuwa na mpira mmoja. Kamati ya shule iliahidi mingine mipya Mbona alipokuwa bado shule ya msingi, na mpaka leo ilikuwa njiani, labda inakuja kwa kutambaa. Kilichofika bila kuchelewa ni viti vinavyozunguka vya chumba cha kamati. Huo mpira mmoja ulipopasuka, ulipelekwa kwa fundi baiskeli ukatiwa kiraka. Na kwa kuwa kanuni za ligi zilisema mwenyeji ndiye hutoa mpira, kila mechi ya nyumbani refa aliuminya kwa kidole gumba, akaona una upepo, mchezo ukaanza.

Mazoezi yalipokwisha Mbona aliuchukua mpira hadi kwenye baraza ya madarasa, akausukuma polepole juu ya sakafu ya saruji. Ulikwenda sawa kidogo, kisha ukapinda upande wa kiraka. Akaugeuza kiraka kikae upande wa pili. Ukapinda huko. Akarudia, akarudia tena, mpaka mwanamke mfagizi akaegemea ufagio wake.

"Unacheza na nani hapo, mwanangu?"

"Na mpira, mama."

"Mimi naona mpira ndio unaocheza na wewe."

Ndipo Mbona alipokumbuka jambo lililomkata maini. Yeye mwenyewe, kila mpira ulipokuja golini kwake, macho yake yalitafuta kiraka kwanza. Alikwisha kuzoea. Aliruka upande wa kiraka na kudaka, watu wakapiga makofi. Ugenini alitafuta kiraka kisichokuwepo, akachelewa. Kumbe hata udakaji wake ulikuwa na kiraka.

Alipita kwa baba yake mdogo, ambaye ndiye fundi baiskeli, penye kona ya soko.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umeniletea tena huyo mgonjwa?"

"Nataka kujua mbona anapinda."

Fundi aliufuta mkono kwenye suruali, akauchukua mpira na kuutia katika karai la maji analotumia kutafutia matundu ya tyubu. Mpira uligeuka wenyewe taratibu, kiraka kikazama chini. Mbona akaupindua. Ukageuka tena, kiraka chini.

"Upande huo ni mzito," fundi alisema. "Nje nilishona ngozi ya kiti cha baiskeli, ndani nikaweka kipande cha tairi. Niliambiwa upepo usitoke. Sikuambiwa uende sawa."

"Kwa hiyo sisi tunashinda kwa sababu ya kiraka?"

"Hilo sasa si swali la fundi baiskeli. Hilo kaulize moyo wako, kisha kamuulize mwalimu wako."

Kabla ya mwalimu alimwambia Upinde. Walikuwa wawili tu darasani, Upinde anafuta ubao. Alisikiliza bila kugeuka.

"Mpira si ni huohuo kwa timu zote?" alisema. "Hatukumfunga mtu mikono."

"Sisi tunakijua kiraka. Wao hawakijui."

"Basi nenda kaseme. Twende tukafungwe mbele ya mama zetu. Mimi nikitoka hapa niitwe nani? Upinde wa kiraka?"

"Na mimi golikipa wa kiraka. Tuko sawa."

"Mimi sijaiba kitu."

"Jana hatukuwa tunajua," Mbona alisema. "Leo tunajua."

Upinde alitupa kifutio juu ya meza na kutoka, vumbi la chaki likabaki hewani.

Mwalimu wa michezo aliposikia, aliusukuma mpira mwenyewe sakafuni, akautazama ukipinda. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na sauti ile ikawa ndogo zaidi. "Msimu mzima nimewasifu," alisema. "Mpira huu hauchezewi mechi tena. Lakini anayezungumza na refa ni nahodha. Jioni nitakwenda kwao nikazungumze naye."

Siku ya mechi watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Refa aliita manahodha. Upinde alitembea hadi katikati akiwa na mpira kwapani, na Mbona, huku golini, alisogea hatua mbili mbele ili aone. Alimwona Upinde anasema neno. Refa akainama, kama hakusikia vizuri. Upinde akarudia, safari hii kwa sauti iliyofika ukutani.

"Mpira wetu una kasoro. Unapinda. Tunaomba tutumie wa wageni."

Uwanja ukachemka. "Nahodha kauza mechi." "Rudi shule ya chekechea." Shangazi yake Upinde, muuza ndizi, alisimama akawaambia wapiga kelele kwamba anayetaka kuuza kitu aje kwake apangiwe biashara. Watu wakacheka, kelele ikapoa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kujifunza kutembea. Upinde aliweka mpira wa adhabu chini, akauzungusha, akakumbuka, akaona haya. Shuti likaenda moja kwa moja mikononi mwa golikipa. Upande wa pili, mpira mwepesi ulidunda mbele ya Mbona. Akasubiri ukate. Haukukata. Ukapita katikati ya miguu yake hadi wavuni.

Wakati wa mapumziko walikaa nyasini bila kutazamana.

"Macho yangu bado yanatafuta kiraka," Mbona alisema.

Upinde alikunywa maji, akafuta mdomo. "Hata yangu. Ujinga mtupu." Akampa chupa ya maji. "Basi tuangalie mpira wenyewe. Mpira na goli, basi."

Kipindi cha pili hakuna mtu ukutani aliyeweza kutabiri lolote, na kwa mara ya kwanza msimu ule watu walisahau kukaa. Upinde alipata mpira nje ya eneo la hatari, hakutafuta chochote, akapiga. Ulinyooka kama uzi wa mwashi, ukagonga mwamba, ukaingia. Sasa bao moja kwa moja. Mwishoni mshambuliaji wa mlimani alibaki na Mbona peke yake. Mbona aliutazama mpira, mpira tu, akaruka, akaupangua kwa ncha za vidole.

Filimbi ikalia. Sare. Shule ya mlimani ikaenda kwenye mashindano ya taifa, wenyeji wakabaki nyumbani. Upinde alilia, na Mbona alilia, na hakuna aliyemficha mwenzake.

Jumatatu kamati iliwaita wasichana hao wawili na mwalimu wao. Mwenyekiti alijizungusha kwenye kiti chake kipya. "Mmetunyima taifa," alisema. "Hamjui kwamba mcheza kwao hutuzwa?"

Mwalimu wa michezo alisogea mbele. Aliutoa mpira kwenye mfuko, akauweka sakafuni na kuusukuma kuelekea mlangoni. Mpira ulikwenda, ukapinda, ukaingia chini ya kiti cha mwenyekiti na kukwama baina ya magurudumu yake.

"Umekwenda kwa aliyetuachia kiraka," mwalimu alisema. Kisha akawageukia wasichana, kwa sababu maneno yaliyofuata yalikuwa yao. "Anayecheza kwao hutuzwa kwa jasho lake, wanangu, hatuzwi kwa kasoro ambayo mgeni haijui. Ushindi wa kiraka unaishia kwenye uwanja wenye kiraka. Goli la Upinde na mkono wa Mbona, hivyo vinaweza kusafiri. Ukishaijua kweli ukanyamaza, unakuwa umeifanya hila kuwa yako."

Hakuna aliyezungusha kiti tena. Siku hiyo hiyo wazazi, wakiongozwa na yule shangazi muuza ndizi, walikaa mbele ya mlango wa kamati na kusema hawaondoki bila mipira. Kumbe mipira ile iliweza kutembea haraka ikisukumwa. Ilifika kabla ya msimu mpya.

Na msimu mpya ulipoanza, Ijumaa ya kwanza, ratiba ikabandikwa, ubao ukazungukwa.

"Mbona, kesho ugenini. Tutafungwa?"

"Sijui."

"Na Jumamosi ijayo, nyumbani?"

"Hiyo nayo sijui," Mbona alisema, na Upinde kando yake akaanza kutabasamu. "Twende tukaone."